Hamira Yaunda Dawa, Afrika Yahesabu Vichupa

Insulini na chanjo ya homa ya ini aina B, ambazo wafanyabiashara wa dawa wa Afrika Mashariki huziagiza kutoka ng'ambo, mara nyingi huundwa ndani ya hamira, ndugu wa ile inayoumua maandazi, baada ya kupandikizwa jeni, yaani maelekezo ya urithi, ili iunde protini ngeni, ile ambayo kwa maumbile yake isingeiunda. Chanjo ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, ikachukua nafasi ya ile iliyochujwa kutoka damu ya watu wenye virusi.

Hesabu inayotawala mazungumzo ya kutengeneza bidhaa kama hizo hapa barani ni ya ofisa mmoja wa sekta ya afya, anayerudia lengo la viongozi wa Afrika la mwaka 2021 kwamba, ifikapo 2040, asilimia 60 ya chanjo zinazohitajika barani zitengenezwe humuhumu. Namba hiyo inapendeza masikioni, lakini neno “kutengeneza” limeachwa wazi mno: kiwanda kinachopokea protini iliyokwisha kusafishwa ughaibuni, kikaijaza katika vichupa na kubandika lebo, chaweza kuhesabiwa sawa na kile kinachokuza hamira yenyewe, ingawa utaalamu umebaki ulikotoka.

Mwagizaji mmoja wa Dar es Salaam, asiye na subira na takwimu hizo, analalamika kwamba mzigo wake hulipiwa kwa dola, hukawia kutolewa, na huharibika kwa joto na vilevile kwa baridi, kwa kuwa kichupa cha chanjo ya homa ya ini aina B kilichogusana na barafu hadi kikaganda hakifai tena, hata kikiyeyuka na kuonekana kizima. Kiwanda cha kujaza vichupa, kwa maoni yake, kitahamisha adha hiyo tu, kwani protini itaendelea kuagizwa kwa dola zilezile.

Husemwa pia, kutetea ukuzaji wa hamira hapa, kwamba eneo hili lina molasi tele, masalia ya sukari yanayolisha hamira ya mikate. Hamira ya dawa, hata hivyo, hulishwa glukosi safi au gliseroli, na jamii yake iitwayo Pichia hulishwa methanoli, kimiminika kinachoshika moto upesi na kudai matangi ya tahadhari. Kisha huja usafishaji wa protini, unaomeza sehemu kubwa ya gharama. Pengine njia nyepesi ya kuanzia ni kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya jibini, ambacho nacho hutengenezwa kwa hamira na hakidai usafi wa dawa ya sindano, ijapokuwa katika asilimia 60 za ofisa hakimo.