Uzio wa wavu: namna ya kulea vifaranga wa kapi kabla ya kuwaachia

 

Wiki iliyopita mama mmoja alitumbukiza karatasi kwenye sanduku letu la maswali. Anasema kule nyumbani, kabla ya kukimbia, mumewe alinunua vifaranga wa samaki, akawamwaga kwenye kinamasi cha bondeni na kungoja miezi minane. Siku ya kuvua wakatoa kambale wanne wanene. Kifaranga hata mmoja hakuonekana. Mama anauliza: je, tuliibiwa?

Mama, hamkuibiwa. Waliliwa. Na hasara hiyo haikuwapata ninyi peke yenu. Leo nawapeleka mbali kidogo, jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India, kwa sababu wavuvi wa huko wanaijua vizuri na wamepata njia ya kuipunguza.

Assam inapitiwa na mto mkubwa, Brahmaputra. Kando yake kuna vinamasi na maziwa madogo mengi. Mengine ni mikono ya mto iliyoachwa mto ulipohama. Wenyeji huyaita beel. Zamani mafuriko ya kila msimu wa mvua yaliingiza humo watoto wa samaki wa jamii ya kapi, yaani rohu, katla na mrigal. Samaki hao huzaa mtoni, kwenye maji yanayotembea. Kwenye maji yaliyotulia hawazai. Halafu tarehe 15 Agosti 1950 likaja tetemeko kubwa, milima ikaporomoka na udongo ukajaa mtoni. Miaka iliyofuata yakajengwa matuta marefu ya kuzuia mafuriko. Nyumba na mashamba yakapata kinga, lakini beel nyingi zikafungiwa mlango wa samaki.

Vifaranga wa kununua wapo. Mwaka 1957 mtaalamu wa India, Hiralal Chaudhuri, alifaulu kuwazalisha kapi hao kwa kuwachoma sindano ya maji ya tezi iliyotolewa kichwani mwa samaki wengine, na baadaye vituo vya kuzalisha vikaenea. Ila kifaranga anayeuzwa mara nyingi ana sentimita mbili au tatu tu. Ndani ya beel anamngoja boal, ndugu wa mbali wa kambale wetu, mdomo wake kama mfuko. Wapo samaki wengine walao wenzao, na juu wapo ndege. Ukimwaga vifaranga elfu kumi, umemwandalia boal karamu.

Ndipo unapoingia uzio. Taasisi ya utafiti wa uvuvi wa maji ya ndani ya India, yenye makao yake Barrackpore karibu na Kolkata, imekuwa ikiwafundisha wavuvi kujenga uzio ndani ya beel yenyewe. Msichanganye na kizimba. Kizimba ni kama kikapu, kina wavu hata chini. Uzio hauna chini: ni ukuta wa wavu uliofungwa kwenye nguzo za mianzi, na samaki wanakanyaga tope lile lile la beel.

Huchaguliwa sehemu ya pembeni isiyo na mkondo, maji ya mita moja hadi mbili. Ukingo wa chini wa wavu huzikwa kwenye tope; ukiacha pengo, adui anapita. Juu, wavu upite kimo cha maji ya mvua, la sivyo siku moja ya mafuriko itawatoa wote. Ndani hung'olewa magugu, kisha hupitishwa kokoro tena na tena kuwatoa samaki walaji. Kazi hii inachosha, na ndiyo watu hupenda kuiruka. Boal mmoja akibaki ndani ya uzio ni fisi uliyemfungia zizini.

Chakula ni pumba za mchele zilizochanganywa na mashudu ya haradali. Baada ya miezi miwili au mitatu samaki wanafika sentimita kumi au zaidi, hapo walaji wengi hawawawezi tena. Wavu unashushwa, wanatoka wenyewe. Hakuna kusafirisha kwenye mapipa, hakuna kufa njiani, na maji wameshayazoea. Huko nje wanajitafutia: katla hula juu, rohu katikati, mrigal chini kwenye tope. Mwenye beel halishi tena. Ndiyo maana naiona njia hii inamfaa mtu asiye na pesa nyingi: chakula cha kununua ni cha miezi hiyo michache tu.

Gharama yake nyingine ni kukesha. Magugu maji yakisukumwa na upepo huulaza uzio, na mwizi haogopi mianzi. Mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo zamu za kulinda, na nani atavua baadaye, vizungumzwe kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Sasa, asitoke mtu hapa akitafuta kapi wa India. Kule ni samaki wa kwao. Huku kwetu ni mgeni, na samaki mgeni anaweza kuharibu ziwa zima. Tilapia wa kwenu anatosha, na yeye huzaa hata kwenye maji yaliyotulia. Cha kuiga ni ule ukuta wa wavu.

Mama uliyeuliza, pita hapa studio Alhamisi. Tunataka kujua kama kinamasi chenu kilikauka wakati wa kiangazi au maji yalibaki, kwa sababu kambale hujificha kwenye tope, na namna ya kumtoa inategemea hilo.