'Imepungua' si 'haipandi': Somo la lugha kutoka gereji ya Miritini

Juma lililopita nilikuwa nikielekea stesheni ya SGR pale Miritini kumpokea mgeni. Malori ya makontena yalikuwa yamejipanga kama kawaida, jua la saa saba linachoma, nami nasogea hatua mbili na kusimama dakika kumi. Mara taa nyekundu yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone ikawaka kwenye dashibodi. Nikikanyaga mafuta inazima, nikiachia inarudi.

Kitabu cha maelezo ya gari ninacho, ila kimeandikwa kwa Kijapani, kama vilivyo vya magari mengi yanayoteremshwa bandarini kwetu. Nikampigia simu rafiki anayejua magari. "Profesa, oili iko chini hiyo. Tia lita moja uende zako." Nikanunua, nikatia. Taa ikabaki pale pale.

Aliyeniokoa ni fundi kijana wa gereji ya kando ya barabara. "Mwalimu, zima gari! Zima kwanza!" Tulingoja kidogo oili itulie, kisha akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. "Oili unayo tele," akaniambia. "Lakini haipandi."

Wapenzi wa Kiswahili, kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Rafiki yangu hakukusudia kunipotosha. 'Oili iko chini' ina maana mbili: kwamba kiwango chake kimepungua, au kwamba presha yake imeshuka. Taa ile hupima jambo la pili. Fundi hakuhitaji istilahi yoyote ya kigeni kuyatenganisha mambo hayo. Alikuwa na vitenzi viwili, 'imepungua' na 'haipandi', na kila mkazi wa Mombasa anavielewa. Tangi la chini linaweza kujaa pomoni, lakini pampu ikiwa mbovu, maji hayapandi ghorofani.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Oili hukaa katika sampu, chini kabisa. Pampu huinyonya kupitia chujio la wavu, ikaisukuma kwenye filta, kisha kwenye vijia vyembamba hadi kwenye beringi, ili chuma kisisuguane na chuma. Pampu huendeshwa na injini yenyewe. Kwa hiyo injini ikizunguka polepole kwenye foleni, tena oili ikiwa imepata moto na kuwa nyepesi, presha hushuka. Ndiyo maana taa yangu ilizima kila nilipokanyaga mafuta. Kuzima huko si dalili ya kupona.

Fundi alifuata utaratibu ambao kila dereva anafaa kuujua. Kwanza, zima injini. Dakika chache za ukaidi zinatosha kuiua. Pili, pima kiwango gari likiwa mahali tambarare. Kikiwa kimepungua, ongeza kwa kipimo na utafute inakovuja. Oili ikizidi sana, hupigwa na vyuma vinavyozunguka ikatoa povu, na povu halishiki presha. Lita yangu ingeweza kuongeza balaa juu ya balaa. Tatu, kiwango kikiwa sawa na taa bado inawaka, usiendeshe, gari livutwe.

Nne, ipimwe presha yenyewe. Fundi alifungua swichi ya taa kwenye injini, akafunga geji mahali pake. Swichi nazo huharibika na kusingizia injini nzima, kwa hivyo usikubali kununua pampu kabla ya geji kusema. Kanuni ya mafundi ni takriban pauni 10 kwa inchi mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Yangu ilipotulia ilionyesha pauni 4. Swichi haikuwa imesema uongo.

Sampu iliposhushwa, lile chujio la wavu lilikuwa limezibwa na tope jeusi, zao la oili niliyochelewa kuibadilisha. Kosa lilikuwa langu. Likasafishwa, filta ikawekwa mpya na oili ikatiwa ya daraja linalofaa. Geji ikapanda. Laiti beringi zingekuwa zimelika, kusafisha kusingefaa kitu.

Sasa turudi kwenye istilahi. Wataalamu wa Dar es Salaam walitupa 'kanieneo', neno lililoundwa kwa ustadi: kani juu ya eneo, ndiyo fasili yenyewe ya fizikia. Wengine husema 'shinikizo', kama katika shinikizo la damu. Gereji husema 'presha'. Sioni haja ya kulifukuza lolote. La kwanza ni la darasani, la mwisho ni la kazini. 'Mafuta' ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hubeba petroli, dizeli, ya kupikia na ya kulainisha mashine. Anayesema 'mafuta yameisha' hajatueleza kitu bado. Mafundi walipokopa 'oili' hawakuichafua lugha. Walikuwa wakikwepa ajali.

Hata 'oili nzito', inayokosolewa na baadhi ya wanafunzi wangu kwamba istilahi sahihi ni 'mnato', haina kosa. Tunasema uji mzito bila kuupima kwa mizani.

Vijana wengi wanajifunza ufundi kwa Kiswahili kando ya barabara ile, huku vitabu vya kazi yao vikiwa kwa lugha nyingine. Tunaotunga kamusi tungekaa nao siku chache kabla ya kuwatungia maneno. Nilipomuuliza kijana yule alijifunza wapi kusema 'haipandi', alinishangaa. "Mwalimu, sasa ungesemaje?"

Sikuwa na jibu bora kuliko lake.