Kihindustani cha Kambini Kilivyofika Ufaransa

Katika mahandaki ya Ufaransa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza aliyepigwa risasi ya mguu huenda akapongezwa na wenzake. Jeraha lisiloua, lakini linalotosha kumrudisha mtu nyumbani, waliliita "Blighty one".

Blighty ni Uingereza, na asili yake ni Kihindustani, lugha ya India: "bilayati", kitu cha ng'ambo, cha Ulaya. Maji ya soda yaliitwa "bilayati pani". Ukilifuatilia zaidi neno hilo unafika kwenye Kiarabu, palepale Waswahili walipoipata wilaya.

Nani aliwafundisha askari wa Kiingereza waliokaa India maneno kama hayo? Si maprofesa. Ni wapishi, madobi, wauza chai na mafundi cherehani wa kambini, watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa ingawa walichangia lugha ya dola iliyowatawala. Kwao askari alijifunza kuuita mkate "rooty", kutoka roti, na sufuria kubwa ya chakula "dixie", kutoka degchi. Kutupia jicho kukawa "dekko". Kazi nyepesi ikawa "cushy", kutoka khushi, yaani furaha. Silaha yake aliiita "bundook", na hapo msomaji wa Tanga au Mombasa hahitaji mkalimani.

Kaki nayo imepita njia hiyo. Ni neno la Kiajemi na Kiurdu lenye maana ya rangi ya vumbi. Harry Lumsden aliwavalisha sare hiyo askari wake wa kikosi cha Guides huko Peshawar katika miaka ya 1840, na kufikia vita vya Makaburu Jeshi la Uingereza lilikuwa limeacha koti jekundu vitani.

Lakini neno lililobeba machungu kuliko yote ni "doolally". Deolali ilikuwa kambi ya kusubiria safari, kaskazini-mashariki ya Mumbai. Askari aliyemaliza muda wake alipelekwa huko kungoja meli, na meli zilikuja msimu wa baridi tu. Aliyezikosa alikaa miezi kadhaa juani, bila kazi, huku malaria ikimwandama. Baadhi yao akili ziliwaruka. Wenzao wakasema wamepatwa na "doolally tap", na "tap" ni homa.

Hadi leo Mwingereza humwita aliyerukwa na akili "doolally", mara nyingi bila kujua kwamba anataja mji. Mji huo bado upo, karibu na Nashik, na Jeshi la India lina chuo chake cha mizinga hapo.