Kimbunga Hidaya: kweli tulitishwa bure?

Tangu Mei 2024 neno ni lile lile barazani: "Walitutisha bure." Wavuvi waliambiwa wasitoke baharini, na Hidaya mwenyewe akaishia Mafia tarehe 4, nguvu zikiwa zimempungua. Huku Mombasa tukapata upepo na mawimbi, basi.

Mimi naona hatukudanganywa. Mtabiri haoni kesho. Anachofanya ni kuipa kompyuta hali ya bahari na anga ilivyo sasa, kisha kuipigisha hesabu mara nyingi, mara 50 hivi, kila mara akibadilisha kidogo pale pa kuanzia, maana vipimo vya katikati ya bahari ni haba. Hesabu 30 zikileta kimbunga kwetu na 20 zikikipeleka kwingine, hiyo ndiyo asilimia 60. Kisipokuja, zile 20 nazo zilikuwemo tangu mwanzo.

Njia ya kimbunga siku hizi hukisiwa vizuri, ingawa kwa siku tatu mbele kosa laweza kupita kilomita 100. Nguvu zake ndizo ngumu. Hewa kavu ikiingia, au upepo wa juu ukienda kinyume na wa chini, hulegea, kama Jobo wa 2021 aliyefika Tanzania hoi. Lakini Kenneth, Aprili 2019, alipata nguvu ndani ya siku mbili tu akaipiga kaskazini ya Msumbiji kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Kweli, sisi tuko karibu na ikweta na vimbunga hutufikia kwa nadra. Nadra si kamwe: Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na majahazi ya Sultani yakazama.

Lawama yangu iko kwa wanaotutangazia. Hutuletea "kimbunga chaja" na kukata hapo, bila kusema uwezekano ni kiasi gani, ni pwani ipi, saa ngapi, na taarifa nyingine itatoka lini. Hayo mvuvi anayahitaji. Akilaza mashua siku mbili hupoteza chakula cha siku mbili, na kwa nyumba nyingi za Kipini au Vanga hilo si dogo. Akitoka na ile 60 ikatimia, mashua haipo, na huenda naye hayupo.