Mzigo wa Majani

Shangazi yangu wa Kibosho aliuza ng'ombe wake wa mwisho kwa sababu ya shingo. Wala si ndigana, si bei ya maziwa. Daktari alimkataza kubeba mizigo kichwani, naye akapiga hesabu pale pale: ng'ombe anakula mizigo miwili kwa siku, watoto wote wako Dar es Salaam, na kijana wa kukata majani anataka ujira unaozidi maziwa yenyewe. Wiki haikuisha, mnunuzi akaja na kamba.

Naanzia kwenye shingo hiyo kwa sababu mjadala wetu huanzia kwingine. Kila Wiki ya Maziwa inapofika, mwishoni mwa Mei, tunasikia habari za mbegu bora, viwanda na Watanzania wasiokunywa maziwa ya kutosha. Ni kweli yote. Ila kwenye miteremko ya Kilimanjaro ng'ombe wa nyumbani hakufugwa kwa maziwa peke yake. Alikuwa njia ya majani kupanda mlima.

Utafiti wa Fernandes, O'kting'ati na Maghembe, uliochapishwa mwaka 1984, ulikuta kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha wastani kina hekta 0.68, pungufu kidogo ya kiwanja cha mpira. Humo familia ilivuna kwa mwaka mikungu 275 ya ndizi, kilo 280 za kahawa na kilo 125 za maharage. Ardhi ile ile, vizazi na vizazi, bila kupumzishwa. Iliwezekanaje? Ng'ombe alifungwa bandani mwaka mzima, na wanawake walishuka tambarare kumkatia majani. Majani yalipandishwa, yakaliwa, yakatoka samadi, migomba ikashiba. Rutuba ya tambarare ilihamia mlimani kichwani mwa mwanamke. Kwa desturi ng'ombe alikuwa wa baba na maziwa ya mama, na ukiniuliza mimi, maziwa hayo yalikuwa ndiyo ujira pekee wa ile safari.

Tuipime safari yenyewe. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 40 za majani mabichi kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 14. Ng'ombe wa kienyeji, mfupi na mwepesi, aliridhika na kidogo. Walipokuja chotara wa Friesian na Ayrshire, kwa uhimilishaji na kwa mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, maziwa yaliongezeka kweli, na mzigo ukaongezeka nayo. Sikumbuki kusikia semina iliyomuuliza mbebaji.

Nilipokuwa mdogo nililala kwa shangazi likizo nyingi. Sakafu ya banda lake ilikuwa ya mawe, imeinamishwa makusudi ili mkojo utiririke kwenye mfereji hadi migombani. Alfajiri alimwachia ndama anyonye kidogo, mama ashushe maziwa, kisha akamfunga ndama karibu na miguu ya mbele ya mama ili alambwe. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakamulia matone ya kwanza kiganjani kuangalia kama yana madonge. Kiangazi majani yalipoadimika alikatakata magome ya migomba, akachanganya na pumba na kunyunyizia magadi. Mgomba ulimlisha ng'ombe, ng'ombe akaulisha mgomba. Lakini duara hilo halikuwahi kujitosheleza. Bila yale majani ya nje lingekauka mapema sana.

Na majani ya nje yamebanwa pande zote. Juu kulikuwa na Nusu Maili, ukanda wa msitu uliotengewa wenyeji mwaka 1941 kwa kuni na mahitaji mengine. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikauchukua pamoja na msitu wote. Chini, tambarare imejaa nyumba na mashamba yenye wenyewe. Katikati, kihamba kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka pa kupanda mabingobingo hapapatikani. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, shamba likakosa fedha za kuwabakiza vijana. Halafu zikaja shule za kata, mtoto anarudi jioni. Simlilii mtoto aliyeacha panga akashika daftari. Nasema tu kwamba hesabu ya ufugaji ule ilisimama juu ya kazi yake na ya mama yake, kazi isiyoandikwa popote.

Ndiyo maana sitaki kuiita hali hii anguko la maziwa. Kinamama wa Nronga, wilayani Hai, walianzisha ushirika wao mwaka 1988 wakaonyesha kwamba maziwa ya mlimani yanauzika. Mwenye ng'ombe sita na gari la kuleta mabua ya mpunga kutoka Moshi chini anaweza kupata faida. Litaongezeka soko, zitaongezeka na lita, huku nyumba zenye ng'ombe zikipungua, na takwimu itasomeka vizuri. Ng'ombe sita kwa jirani mmoja wanaweza kutoa maziwa mengi kuliko sita waliotawanyika kwenye nyumba sita. Samadi yao, hata hivyo, inaanguka mahali pamoja.

Shangazi sasa hununua nusu lita kila jioni kwa jirani wa namna hiyo. Banda limekuwa stoo ya kuni. Mgomba wa nyuma yake, pale mfereji ulipoishia, bado ni mnene, ila migomba iliyo mbali imeanza kutoa mikungu ya kubebwa kwa mkono mmoja. Mwezi uliopita alikwenda na gunia kuulizia mbolea. Jirani alimkaribisha, akampa na kiti.

"Maziwa utapata kila siku, mama," alimwambia. "Mbolea siuzi. Hata yangu hainitoshi."