Kibanja cha Ukoo: Je, Binti Anaweza Kukiuza?

Kuna shauri moja lilianzia hapa kwetu Muleba, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, likafika mpaka Mahakama Kuu. Wanasheria wanalisoma hadi leo, hata nje ya nchi. Wahusika hatutawataja majina. Tunataka tulielewe shauri lenyewe, maana linagusa kila nyumba yenye binti.

Kwanza tukumbushane habari ya kibanja. Kwetu kibanja si shamba tu. Migomba, mibuni na maharage vyote vimo pamoja, na nyumba imo katikati yake. Udongo wake umetengenezwa kwa mikono ya watu. Ni samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, mwaka hadi mwaka, tangu enzi za mababu. Toka kwenye migomba ukanyage rweya, utaiona tofauti mwenyewe. Tena makaburi ya wazee yamo humo humo kibanjani. Basi mtu akitaka kuuza kibanja cha ukoo, ukoo wote huinuka.

Kwa mila, mrithi mkuu, yaani musika, ni mtoto wa kiume. Binti huolewa, na watoto wake huwa wa ukoo mwingine. Wazee waliogopa kwamba kibanja nacho kitaondoka hivyo hivyo. Hofu hiyo tusiicheke, ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1963 Serikali iliziandika mila za urithi zikawa sheria. Kanuni ya 20 ilisema kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini kuiuza hawezi.

Sasa tuje kwenye shauri. Mama mmoja alirithi kibanja cha ukoo kwa wosia wa baba yake. Akazeeka, hana mtu wa kumtunza. Mwaka 1988 akakiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mpwa wake akaenda Kashasha kushtaki, akashinda. Mama akaamriwa arudishe pesa. Hakukubali. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, na huko akashinda yeye. Mpwa naye akaenda Mahakama Kuu Mwanza.

Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu. Alisema hivi: haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na Katiba inakataza ubaguzi. Mwanamume aweza kuuza kibanja cha ukoo, na mwanaukoo asiyeridhika aweza kukikomboa kwa kulipa bei ile ile. Basi na iwe hivyo hivyo kwa mwanamke. Kumbe ukoo haukunyang'anywa njia yake. Ila sasa inabidi walipe, sio kumfukuza mama mikono mitupu.

Wengine walilalamika kwamba mila imevunjwa. Sisi tunauliza, mila ipi haijawahi kubadilika? Nyarubanja nayo ilikuwa mila. Mtu alilima kibanja chake, kisha akamlipa bwana. Sheria za miaka ya 1960 ziliiondoa, na leo nani anaililia?

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nayo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu.

Lakini hukumu iko kwenye vitabu, na kibanja kiko kijijini. Mabinti wengi hawafiki mahakamani, maana hawana nauli, au wanaogopa kugombana na kaka zao. Mama yule alikuwa na kitu kimoja kilichomsaidia toka mwanzo: wosia wa baba yake.

Wosia wa kimila wa maandishi una masharti yake. Uandikwe kwa kalamu isiyofutika, uwe na tarehe, na mwenyewe atie sahihi au alama ya kidole. Mashahidi wawe watu wanaojua kusoma na kuandika. Kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, wanatakiwa wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kama anajua, wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.