Vitenzi vya Jikoni na Maana ya Uchangamfu

Lugha nyingi huazima majina ya vyakula ili kueleza nguvu na uchangamfu wa watu. Katika Kiingereza neno pep, ambalo maana yake ni bidii na wepesi, lilikatwa kutoka katika jina la pilipili. Na zest lilikuwa jina la ganda la chungwa au limau kabla ya kuwa jina la hamu ya kuishi. Kilatini nacho kilitumia neno moja, sal, kwa chumvi na kwa ucheshi wa mtu mwenye akili. Mfasiri aliyezoea mifano hiyo huelekea kudhani kwamba Kiswahili kina majina ya namna iyo hiyo, na hapo ndipo aanzapo kupotea.

Mfano ulio wazi ni chumvi. Kusema kwamba hotuba ya mtu imetiwa chumvi si kuisifu kwa uhai wake. Ni kumshitaki msemaji kwamba ameongeza yasiyokuwapo. Kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi, jambo lisilohusiana na wepesi wala bidii. Wakristo wasomao habari za chumvi ya dunia katika Mathayo 5:13 wanaifahamu sana, lakini haikuzaa usemi wa uchangamfu katika mazungumzo ya kila siku. Pilipili nayo, katika methali isemayo “Pilipili usiyoila yakuwashiani?”, ni maumivu ayatafutayo mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Asali na sukari husifia mapenzi.

Je, Kiswahili hakikuchukua chochote jikoni kwa ajili ya maana hii? Kilichukua, tena kwa wingi, ila kilichochukuliwa si majina bali ni vitenzi. Chakula chenyewe hakikutazamwa sana. Kilichotazamwa ni yale yanayokipata kiwapo motoni au chunguni.

Kitenzi kinachostahili kuangaliwa kwanza ni kolea. Chumvi imekolea, au mchuzi umekolea chumvi, maana yake ni kwamba ladha imeenea chakula chote kwa kadiri ipasayo. Lakini moto nao hukolea, yaani hushika kuni vizuri ukawaka. Rangi hukolea katika nguo. Usingizi humkolea aliyelala. Mapenzi humkolea mpenzi. Na ngoma hukolea wachezaji wanapopata moyo. Katika yote haya kuna wazo moja: kitu kuingia katika kingine na kuenea mpaka kutimia. Ndiyo sababu kitenzi hiki hupenda sana kiambishi -me-, kwa kuwa husema juu ya hali iliyokwisha kufikiwa. Uchangamfu, kwa mujibu wa neno hili, hauongezwi kutoka nje kama kitu cha ziada. Ni kiasi kilichotimia.

Hapo ndipo ionekanapo tofauti kubwa kati ya tia na kolea. Chumvi ni ile ile, lakini hadithi iliyotiwa chumvi inalaumiwa na hadithi iliyokolea inasifiwa. Tia huonyesha mkono wa mtu anayeongeza. Kolea huonyesha hali ya kitu chenyewe. Hata koleza, ambalo kwa umbo lina mtendaji, huhifadhi wazo la kufikisha kitu kwenye kiasi chake: mtu hukoleza moto, hukoleza rangi, hukoleza mjadala. Mfasiri atakaye kusifu hotuba kwa uhai wake anaweza kuandika kwamba ilikolea. Akiandika kwamba ilitiwa chumvi, amemwita msemaji mwongo, naye huenda asijue kwamba amefanya hivyo.

Noga lina njia fupi zaidi. Chakula kimenoga, sherehe imenoga, na anayeifanya hivyo huinogesha. Hapa furaha imezidi nguvu.

Chacha lina mambo mengi zaidi. Maji ya matunda huchacha kwa kuumuka na kuwa makali. Bahari nayo huchacha inapochafuka. Kutokana nalo imepatikana chachu, ambayo siku hizi husomwa mara kwa mara magazetini kama chachu ya maendeleo au ya mabadiliko. Yaelekea jina hili limeshika maana ya nguvu kwa sababu limebeba tendo ndani yake: chachu hutajwa kwa kazi yake katika unga. Wala sifa hiyo si ya siku zote. Katika Injili ya Mathayo chachu ni mfano wa ufalme wa mbinguni (13:33), na tena ni mafundisho ya kuogopwa (16:6). Katika lugha ya mitaani ya Tanzania aliyechacha ni aliyeishiwa fedha. Chakula kilichoharibika kimeshinda kile kilichoumuka.

Kawaida ya kamusi ni kuzitenga maana kwa tarakimu. Katika kolea utaratibu huo hudhuru, maana mwanafunzi akikuta ladha mahali pamoja, moto mahali pengine na mapenzi mbali zaidi, atadhani ameona maneno matatu. Ingekuwa bora kutanguliza wazo la kuenea hadi kutimia, kisha kuorodhesha vitu vinavyokolea, na kuonya palepale juu ya kutia chumvi.

Kinyume cha maneno haya pia kimetoka jikoni. Mchuzi chapwa na mazungumzo chapwa vimekosa kitu kimoja. Biashara iliyopoa imekosa wateja, kama chakula kilichoachwa mpaka kikapoteza joto. Vijana, hata hivyo, wakiulizwa “Mambo?” hujibu “Poa”, nao husifu. Hata kama mfano wa Kiingereza umesaidia, jibu hilo halikukosa msingi katika Kiswahili, kwa maana homa nayo hupoa, na hasira hupoa, na uji wa moto hauliki mpaka upoe.